Pampu Yako Haikuibiwa, Papa

Papa,

Pikapu inapanda tena. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla ya kuuliza habari za Mama, na Mama angekusikia kutoka jikoni na kusema, kama kawaida yake, kwamba mwanamke uliyemuoa kanisani ana magurudumu manne. Mama yupo. Anakula kidogo, anavaa nyeusi yake, anajibu akiulizwa.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya gari. Kalala, fundi msaidizi wako, ameitwa mwizi, na ni mimi niliyefanya aitwe. Kesho, mbele ya ukoo wote, ama nitasema ama nitanyamaza. Nataka wewe uwe wa kwanza kujua.

Ni Jumamosi, saa nane mchana. Nimekaa garage, kwenye kile kiti ulichong'oa ndani ya basi bovu. Uani wanawake wanachambua mchele wa kesho, siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga yako. Baba Mukubwa amerudi jana kutoka Likasi. Yeye kama kaka yako ndiye atakayeongea kwa niaba ya ukoo, na baada ya chakula atatamka ni nani atashika ufunguo wa garage na wa pikapu. Jana bado alikuwa anaelekea kunipa mimi. Alimwambia Mama: "Huyu mutoto hana kulia, lakini iko na kichwa." Mama aliniambia maneno hayo kama anayenipa sahani.

Ni kweli, sijalia. Watu wanaliona. Nakueleza tu jinsi ilivyo.

Nirudi nyuma. Ulipokufa, pikapu ilikuwa uani, imeegeshwa ulivyoiacha, pua ikitazama geti. Hakuna aliyeiwasha mpaka wiki mbili baada ya mazishi, Mama alipohitaji kutoa mahindi yake shambani, njia ya Kinsevere. Iliwaka mara moja. Baba Mukubwa akakaa kiti cha mbele, mimi nikaendesha. Kwenda, gari likiwa tupu, sikuona neno. Kurudi na magunia, tulipoanza kupanda ule mwinuko unaoujua, likaanza kukohoa. Nakanyaga, halisikii. Nikashuka gia ya tatu, nikashuka ya pili. Malori ya migodi yakatupita moja baada ya jingine na kutuachia vumbi lao.

Baba Mukubwa akafunga kioo taratibu, akasema, "Gari inalilia mwenyewe."

Nikamwambia gari halilii, lina shida ya mafuta au ya umeme.

"Basi, enjinyeri, utatuambia."

Alilitamka kama wewe, enjinyeri, ila wewe ulikuwa unacheka ukilitamka.

Nilifanya kazi kwa utaratibu. Hilo niliweza. Nilifungua chujio la hewa, nikalipiga kwenye gurudumu, likatoa vumbi jekundu lakini si la kuziba pumzi. Nikatoa bujia, zile plagi za kuwasha moto, zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Zilikuwa nyeupe, kavu. Injini inayokula mafuta mengi hutoa bujia nyeusi. Hizi zilikuwa za injini yenye njaa. Nikashika bisibisi yako ndefu, nikaweka ncha kwenye injekta ya kwanza na mpini kwenye sikio, kama ulivyonionyesha nikiwa darasa la tano, siku uliyoniuliza inasema nini nikakujibu inashona kama cherehani. Zote nne zilikuwa zinashona. Nikabadilisha chujio la mafuta, maana madumu ya barabarani huja na kila aina ya taka. Hakuna kilichobadilika. Mwisho nikaunganisha kipimo cha msukumo wa mafuta. Injini ikinguruma polepole, mshale ulisimama karibu na mahali pake. Nikivuta mafuta, mshale ulianguka.

Siku hiyo, tukila, nikatangaza kwamba pampu imechoka.

Baba Mukubwa aliosha mikono kwanza. Kisha akaniuliza, "Ilikuwa ya kuchoka mbele mudogo wangu hajafwa?"

Nikajibu hapana, kabla hujafa haikuwa imechoka. Ungeisikia.

"Ile ya sasa, inaonekana sawa iko ya zamani?"

Nikajibu inafanya kazi kama ya zamani.

"Na hapa kwenu, kutosha weye, nani anajuaka kufungua tanki?"

Nikajibu, ukinitoa mimi, ni Kalala.

Majibu matatu, Papa, na hakuna hata moja la uongo. Nimeyarudia kichwani mara nyingi. Baada ya swali la pili nilikwisha kuona anakoelekea, kwamba mtu amechukua pampu yako nzima na kuweka kuukuu, na la tatu nikalijibu kwa sauti ileile.

Asubuhi yake Kalala alikuja kama alivyokuja kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, akafungua upande wake wa geti na kungoja mtu wa kufungua upande wako. Baba Mukubwa alimfuata mpaka kwenye sanduku la vyombo. Walikuwepo wateja wawili, na yule mama wa duka la mbele aliyekuja kujaza upepo kwenye baiskeli. Akamwambia afungue sanduku. Akaangalia ndani kana kwamba anajua anachokitafuta. Kisha akamwita mwizi, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani: "Patron akifwaka, bezi njo banaanza kazi. Pompe ya mudogo wangu iko wapi?"

Kalala hakupandisha sauti. "Papa, mi niliingia hapa na mikono mbili. Kama ninatoka na tatu, muhesabu."

Mmoja wa wateja alicheka. Baba Mukubwa hakucheka. Kalala akaweka ufunguo wa sanduku juu ya boneti ya pikapu, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika kipimo, nakisoma. Kipimo hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote.

Alivua lile koti lako la kazi ulilompa, akalikunja, akaenda.

Nilimpata mtu anayeleta vipuri kutoka Kasumbalesa, nikanunua pampu nyingine, yenye umri lakini nzima. Nikashusha tanki peke yangu, jeki mbili na ubao. Nikatoa pampu ya zamani, nikaifuta kwa kitambaa nione namba yake. Na pale ubavuni, chini ya waya, kulikuwa na mstari mwekundu.

Unaujua huo mstari. Rangi ya kucha ya Mama. Kila kipuri ulichokifunga kwenye gari la mtu ulikipaka mstari mmoja, ili mteja asije kesho na pampu ya jirani akidai ni yako. Mama alilalamika kwamba ndiye mwanamke pekee Katuba ambaye chupa yake ya rangi inamalizwa na mwanamume, nawe ukamjibu kwamba angalau injini za watu zimependeza. Pampu hiyo ulinunua wewe, ukaifunga wewe. Haikuwa imeguswa. Kalala hakuwa ameiba kitu.

Niliuona mstari nikaujua, na nikaendelea kufunga bolti.

Sina maelezo mazuri ya hilo. Nimejaribu kutafuta hasira ndani yangu, au woga, nikapata tu kitu kama mkono uliolaliwa: unaona ni wako, unauinua kwa mkono mwingine. Nilifunga pampu mpya, nikawasha. Mshale ukaanguka vilevile. Nikaichukua ya zamani, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye betri nyingine mezani, ikavuma kwa nguvu. Nilijua sasa mambo mawili, kwamba pampu ni nzima na kwamba Kalala ni mtu safi. La kwanza nililiandika kwenye daftari langu. La pili nilikaa nalo siku tatu.

Siku ya nne nilichukua mita ya umeme. Hapo ndipo ningepaswa kuanza, najua. Betri, gari likiwaka, ilionyesha zaidi ya volti kumi na tatu. Kwenye waya za pampu, kumi tu. Nikawasha taa za mbele, sauti ya injini ikashuka. Volti tatu zilikuwa zinapotea njiani. Nikapima upande wa kwenda, hazikupotea huko. Nikapima upande wa kurudi, kati ya waya mweusi wa pampu na betri, na mita ikaonyesha tatu kamili. Shida ilikuwa masi, Papa, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Shuleni walitufundisha kwa kitabu kizima, wewe ulilisema siku ya mvua, umelala chini ya gari hilihili: "Kila muntu anatafutaka plus. Masse, hapana muntu anaikumbukaka."

Ilikuwa siku ileile uliyoongeza waya wako. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu, taa zinafifia, ukakata kipande cha waya wa kuchomelea vyuma, ukakifunga mwisho mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye kichwa cha betri, kwa bolti yake ya pembeni. Mimi nilishika ule mwisho wa pili mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu ulikuwa unatafuta nati.

Nikachungulia nyuma ya betri. Waya wako ulikuwa umelala chini, kichwa chake kisafi, hakikuungua wala kukatika. Ulikuwa umefunguliwa. Na bolti yake ilikuwa mahali pake, na nati imerudishwa juu ya bolti, imekazwa kwa vidole, chini yake hamna kitu.

Mtu wa mtaani akifungua nati huitupa, au huiweka mfukoni na kwenda nayo. Ni wewe uliyetufundisha kuirudisha kwenye bolti yake kabla hata hujageuza kichwa, isije ikapotea. Wanaofanya hivyo ni watu watatu. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Na nakiri mbele yako: kwa kitambo nilifikiri Kalala, na wazo hilo lilinipa nafuu.

Kila mteja aliyeingiza gari hapa ulimuuliza swali moja kabla ya kugusa boneti. Nani alishika hii moteri wa mwisho? Walijiumauma, wakasema hakuna, imeharibika yenyewe. Nawe ulisimama mikono mfukoni mpaka wamtaje shemeji. Mimi nilifungua chujio, bujia, tanki, nikapima kila kitu, na swali hilo sikumuuliza mtu. Maana gari halikutoka uani tangu ulipokufa. Kuuliza nani aliligusa ilikuwa ni kuuliza habari za siku zile, na siku zile mimi sina kichwani. Nina viatu vya watu. Nina viti vya plastiki vya bluu.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa anachagua maharagwe. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyegusa betri ya pikapu wakati wa kilio.

Akanitazama kwanza kuona kama nafanya mchezo. "Ni weye."

Nikamwambia hapana.

"Ni weye, Ngalula. Courant ilikatika siku ya pili, taa zote zikazima, ba mama ba korali habakuwa na micro ya kuimbia. Weye ukasimama, ukaenda kutosha batri ya baba yako. Kalala alitaka kukusaidia, ukamufukuza. Ukaibeba kwa kifua na ile robe ya muzuri."

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akaliweka kando.

"Na siku ya kuzika, tulitoka ku makaburi. Besoni ya mayi iko pa mulango, bote banawe mikono mbele ya kuingia. Bengine bananawa. Weye ukapita. Nikakuita, hukusikia. Ukabeba batri, ukaenda kuirudisha kwa gari. Bantu banakuangalia tu. Nilisema: mumuache, njo kulia kwake."

Sikumbuki hata kidogo, Papa. Nilijaribu. Nguo ile bado ina doa la asidi tumboni, nimekwenda kuiangalia. Nilikuwa nafikiri ni mchuzi.

Nilirudi, nikafungua nati, nikaweka waya, nikakaza kwa spana. Dakika moja. Nikaenda peke yangu shambani, nikapakia magunia yaliyobaki, nikaupanda ule mwinuko. Gia ya tatu, haikukohoa. Nikaandika kwenye daftari: gia ya tatu, mzigo kamili, sawa. Na nikageuza gari nikaenda moja kwa moja Kisanga, kwa Kalala, kabla sijapata muda wa kufikiri.

Alikuwa nyuma ya nyumba, amefungua injini ya mashine ya kusaga ya jirani. Mke wake alipita na beseni la mboga bila kunisalimu. Nilimweleza Kalala nikiwa nimesimama, yote, kwa mpangilio: kipimo, majibu yangu matatu, mstari mwekundu, siku zile tatu, volti, waya. Aliendelea kusugua kipande cha chuma kwa petroli. Nilipofika kwenye waya akainua kichwa.

"Na nati?"

Nikamwambia niliirudisha kwenye bolti yake.

Akacheka kwa pua. "Baba yako alitufundisha muzuri kuchunga nati. Ya waya hakusema."

Nilifikiri tumemaliza. Nilimwomba msamaha, nikamwambia koti lake lipo, arudi Jumatatu. Akaweka kile chuma chini.

"Sikiliza, mwana. Pole yako nimeipokea. Lakini hapa unaambia nani? Mi njo sikuiba, mi najua. Bibi yangu anajua. Nilitukaniwa pa sanduku, mbele ya bantu. Yule mama ya duka alipeleka neno mpaka ku soko, bibi yangu anauzisha mboga, banamuuliza pompe iko bei gani. Utasema pale ilisemwa, ao usiseme."

Alisema bila ukali, kama unavyomweleza mteja kazi itachukua siku ngapi.

Mama ana ushauri mwingine. Anasema nimrudishe Kalala kimya kimya, gari linatembea, watu watasahau, na Baba Mukubwa ni mtu mzima, haifai kumwonyesha mbele ya ukoo kwamba alimtukana mtu bure. "Na weye utakosa garage. Atasema: mutoto mwanamuke anasahau waya, tutamuachia bintu bya bantu?" Mama hasemi hivyo kwa ubaya. Anahesabu nani atatulisha.

Na Baba Mukubwa akisema hivyo, sijui nitamjibu nini. Nilisahau waya kweli. Nilipima kila kitu kwenye gari lile isipokuwa mkono wangu mwenyewe, na nilipojua, nilinyamaza siku tatu huku mke wa mtu akichekwa sokoni. Kama mteja angeniuliza kama mtu wa namna hiyo anafaa kuachiwa gari lake, ningesita.

Hata hivyo nimeamua, na naamua hapa, kwenye karatasi hii, ili nisiweze kurudi nyuma. Kesho kabla ya chakula, si baada, kabla Baba Mukubwa hajatamka neno la ufunguo, nitaomba nafasi. Nitamwomba kwa heshima, kwa magoti kama inavyotakiwa. Nitaileta pampu ya zamani kwenye sinia ili kila mmoja auone mstari. Nimekwisha kumwalika yule mama wa duka. Anafikiri namwalika kwa wali. Nitasema ni mimi niliyetoa betri, ni mimi niliyesahau waya, ni mimi niliyejua na kunyamaza, na kwamba Kalala hakuchukua hata bolti. Nitasema kwa Kiswahili cha hapa nyumbani, si kwa kile cha shule, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Sitasema nilikuwa na majonzi. Sijui kama nilikuwa nayo. Nilikuwa na betri kifuani, ndilo wanalonisimulia.

Asubuhi nitakwenda kumchukua Kalala na mke wake kwa pikapu. Mke atakaa mbele. Kama atakataa kupanda, nitaegesha mlangoni kwao na kungoja.

Nakuahidi hilo tu, Papa. Garage siwezi kukuahidi, maana haitakuwa mkononi mwangu. Kulia pia siwezi kukuahidi. Mama anasema kutakuja kwenyewe, siku isiyo na kazi.

Sasa wananiita nikasaidie kubeba masufuria. Ubaki na amani huko ulipo. Jumatatu nitakuja makaburini kukuambia ilivyokwenda, kwa gari au kwa miguu.

Binti yako,
Ngalula